Kwa nini ndege ndogo huanguka mara tu baada ya kuruka ilhali injini bado inanguruma

Swali la msomaji: Niliona video ya ndege ndogo ya injini moja ikiruka mchana kweupe, anga ikiwa safi. Iliacha ardhi karibu na mwisho wa njia ya kurukia, ikainua pua, ikayumbayumba kwa sekunde chache, kisha bawa moja likashuka na ndege ikaanguka kwa ubavu. Injini ilisikika ikinguruma hadi mwisho. Ikiwa injini haikuzimika na hapakuwa na dhoruba, ndege hiyo iliangushwa na nini? Na sisi abiria tunaoketi nyuma ya rubani tuna lolote la kufanya?

Jibu: Ndugu msomaji, wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ndege huanguka pale tu injini inapozimika au hali ya hewa inapochafuka, na ndiyo maana ajali ya namna hii huwaacha watu na mshangao. Kutamka chanzo cha ajali moja mahususi kwa kutazama video si haki kwa waliofariki wala kwa rubani, na kazi hiyo tuwaachie wachunguzi. Hata hivyo, mfuatano ulioueleza, yaani kuchelewa kuacha ardhi, pua kuinuka, ndege kuyumba na hatimaye bawa moja kushuka, unafahamika vizuri sana katika taaluma hii na una maelezo yake. Ndege inayoanguka hivyo huwa imeacha ardhi kabla ya kuwa na uwezo wa kuendelea kupanda, na mara nyingi kilichoinyima uwezo huo kilikuwapo tayari kabla magurudumu yake hayajaanza kuzunguka.

Kwanza tuitenganishe kazi ya injini na kazi ya bawa. Injini haiinui ndege. Huisukuma mbele ili hewa ipite kwenye mabawa kwa kasi ya kutosha, na mabawa ndiyo yanayoubeba uzito wote. Bawa hubeba uzito kwa kuikabili hewa kwa pembe fulani, na kadiri kasi inavyokuwa ndogo ndivyo rubani anavyolazimika kuinua pua zaidi ili pembe hiyo iongezeke. Lakini pembe hiyo ina kikomo, ambacho kwa ndege ndogo nyingi ni kati ya digrii 15 na 18. Ikipita hapo, hewa inayotiririka juu ya bawa hubanduka na kuvurugika, nguvu ya kuinua hupungua ghafla, na ndege huingia katika hali ambayo marubani huiita stoli. Hali hiyo haijali kama injini inafanya kazi au la. Tena injini iliyo katika nguvu kamili, ndege ikiwa na kasi ndogo na pua iko juu, huivuta pua upande mmoja, na rubani asipoisawazisha kwa pedali za miguuni, bawa moja hupoteza nguvu kabla ya lingine. Hapo ndipo ndege hulala ubavu na kushuka jinsi ulivyoona. Dawa yake ni kushusha pua ili kasi irudi, na angani juu kila mwanafunzi wa urubani huifanyia mazoezi dawa hiyo; lakini inagharimu kimo, na ndege iliyo mita 30 juu ya ardhi haina kimo cha kulipia.

Pengine utauliza, ndege isiyo na kasi ya kutosha iliwezaje kuacha ardhi? Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila abiria alielewe, kwa kuwa hata baadhi ya marubani hulisahau wakati wa haraka. Ndege ikiwa chini sana, katika kimo kisichozidi urefu wa mabawa yake kutoka ncha hadi ncha, ambao kwa ndege ndogo ya kawaida ni kama mita 11, ardhi huizuia hewa inayosukumwa chini na mabawa isishuke wala kujizungusha kwa uhuru kwenye ncha zake. Kwa sababu hiyo ukinzani wa hewa hupungua sana, na ndege huweza kuelea kwa kasi ambayo isingeweza kuibeba juu zaidi. Rubani akiivuta kwa nguvu itoke ardhini kwa sababu mwisho wa njia unakaribia, itatoka kweli, na kila aliye ndani ataamini kwamba imeruka. Kisha itapanda mita chache, msaada wa ardhi utatoweka, ukinzani utarudi, na nguvu yote ya injini itatumika kupambana na ukinzani huo bila kubaki hata kidogo ya kupandia wala ya kuongeza kasi. Mbele kuna miti, ukuta au nyaya za umeme. Maumbile ya binadamu yanamwambia avute usukani zaidi, ilhali kinachohitajika ni kuulegeza, na kila anapovuta ndipo anapoisogeza ndege kwenye ukomo wa bawa. Sekunde zile za kuyumba ulizoziona kwenye video ndizo hizo.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu ndege iliyotunzwa vizuri na kupakiwa ipasavyo haipaswi kufika mwisho wa njia bila kasi. Mambo yanayoinyima kasi ni ya kawaida mno hata hayatishi: joto, mwinuko wa kiwanja kutoka usawa wa bahari, nyasi, mteremko, upepo na uzito. Joto na mwinuko hufanya kazi kwa njia moja, nayo ni kuipunguza hewa uzito. Hewa nyepesi huipa injini oksijeni kidogo, na injini ya kawaida isiyo na kifaa cha kushindilia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Hewa hiyo hiyo huipa rafadha, yaani panga zinazozungushwa na injini, kitu kichache cha kusukuma, na hulilazimisha bawa kwenda mbio zaidi juu ya ardhi ili libebe uzito ule ule. Kwa hiyo mchana wa jua kali na anga safi, ambao wewe umeuhesabu kuwa hali nzuri, kwa ndege iliyopakiwa sana katika kiwanja cha nyanda za juu unaweza kuwa wakati mbaya kuliko asubuhi yenye mawingu.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo viwango vya kukadiria athari hizi, na ni vizuri tuvipitie kwa mfano. Chukua ndege ambayo kitabu chake kinaonyesha kwamba inahitaji mita 500 kuanza mbio, kuruka na kufikia kimo cha mita 15, kwenye njia ya lami iliyo usawa wa bahari, katika nyuzijoto 15, bila upepo. Mwinuko wa kila mita 300 huongeza asilimia 10, basi kiwanja kilichopo mita 900 juu ya bahari kinatupeleka kwenye mita 665. Joto likizidi kwa nyuzi 10, tunaongeza asilimia 10 nyingine na kufika mita 732. Njia ikiwa ya nyasi kavu, asilimia 20, na hapo tuko kwenye mita 878. Upepo wa nyuma wenye kasi ya sehemu moja ya kumi tu ya kasi ya kurukia, ambao usoni unausikia kama upepo mwanana, huongeza asilimia 20, nasi tunavuka mita 1,050. Ndege ikizidishiwa uzito kwa asilimia 10, urefu huongezeka tena kwa asilimia 20 na kufikia kama mita 1,265. Ndege ni ile ile, injini ni ile ile, hakuna kilichoharibika, ila sasa inahitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu uliochapishwa kitabuni, na bado hatujaongeza theluthi moja ambayo mamlaka hiyo inashauri iwekwe kwa ajili ya usalama. Angalia kwamba athari hizi hazijumlishwi bali huzidishana, na hapo ndipo makadirio ya kichwani huwapotosha watu wazima wenye akili timamu.

Ajali moja iliyochunguzwa kwa kina huonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Tarehe 11 Aprili 1996, ndege aina ya Cessna 177B iliruka kutoka Cheyenne, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, kiwanja kilichopo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ndani alikuwamo mtoto wa miaka 7 ambaye safari yake ya kuvuka bara ilikuwa ikifuatwa na vyombo vya habari, baba yake, na rubani mwalimu aliyekuwa na dhamana ya ndege. Mvua na radi zilikuwa zikikaribia, na muda mfupi baada ya kuruka ndege ilianguka na wote watatu wakafariki. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa uamuzi wa rubani wa kuruka katika hali ya hewa inayozidi kuharibika, ndege ikiwa imezidi uzito, na katika hewa nyepesi kuliko aliyoizoea, hivyo akashindwa kulinda kasi na ndege ikaingia kwenye stoli. Uzito uliozidi haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa kilo zipatazo 40, chini ya uzito wa mtu mzima mmoja. Katika kiwanja cha usawa wa bahari, asubuhi tulivu, huenda kilo hizo zisingeonekana. Bodi hiyo ilitaja pia ratiba iliyobanwa kupita kiasi, kwa sehemu kutokana na ahadi walizowapa waandishi wa habari, kuwa ilichangia uamuzi wa kuondoka. Mimi huirejea ajali hii mara nyingi kwa sababu kila sehemu yake, ukiitazama peke yake, ingeweza kuvumilika.

Uzito una upande wa pili ambao watu huusahau, nao ni mahali ulipowekwa. Ndege husawazika kwenye kitovu chake cha uzito, na kitabu chake huweka mipaka ya mbele na ya nyuma ambayo kitovu hicho hakipaswi kuivuka. Mizigo mingi ikilundikwa nyuma, kitovu husogea kuelekea mkia, pua hutaka kuinuka yenyewe, na vibamba vya mkiani ambavyo rubani hutumia kuishusha huwa havina tena nguvu ya kutosha. Rubani anaweza kusukuma usukani hadi mwisho wake na pua ikaendelea kupanda. Tarehe 25 Agosti 2001, Cessna 402B, ndege ndogo ya injini mbili, ilianguka mara baada ya kuruka kutoka Marsh Harbour katika visiwa vya Bahama na kuwaua watu wote 9 waliokuwamo, akiwemo mwimbaji Aaliyah, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Uchunguzi ulibaini kwamba ndege ilizidi uzito wake wa juu kwa takriban kilo 320 na kwamba kitovu chake cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka unaoruhusiwa. Ilibainika pia kwamba rubani hakuwa na kibali cha kuirusha ndege hiyo kwa kampuni iliyohusika, na mwilini mwake zilipatikana dalili za kokeini na pombe. Injini mbili hazikuwasaidia kitu, kwa kuwa injini haina uwezo wa kurekebisha mizani iliyoharibiwa na wapakiaji.

Sababu nyingine inayoweza kutoa picha kama uliyoiona, injini ikinguruma, ni usukani uliofungwa. Ndege zikiegeshwa, vibamba vyake vya kuongozea hufungwa kwa pini au kufuli ili upepo usivipigepige, na asiyezifungua kabla ya kuruka hugundua kosa lake magurudumu yakiwa yameshaacha ardhi. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika kiwanja cha Wright Field, Ohio, ndege ya majaribio ya Boeing Model 299, ambayo ilikuwa kubwa na yenye injini nne, iliruka kufuli hiyo ikiwa haijafunguliwa, ikainua pua, ikaingia kwenye stoli na kuanguka. Rubani wa jeshi Ployer Hill na rubani wa kiwanda Leslie Tower walipoteza maisha kwa ajali hiyo. Orodha ya ukaguzi ambayo marubani wa leo huisoma kabla ya kuruka ilipata nguvu kutokana na msiba huo, na miongoni mwa vipengele vyake vya msingi ni kuuzungusha usukani pande zote hadi mwisho, huku ukitazama kama vibamba vinafuata upande unaotakiwa. Zoezi hilo huchukua sekunde chache. Katika kundi hili hili naweka kiti cha rubani kilichoteleza nyuma wakati ndege inainua pua, kwa kuwa rubani aliyeshika usukani huuvuta pamoja naye bila kukusudia. Hatari hiyo ilijulikana kiasi kwamba mwaka 1987 mamlaka za Marekani ziliagiza reli za viti vya ndege nyingi za Cessna zikaguliwe.

Umesema injini ilisikika hadi mwisho, kwa hiyo sitakaa sana kwenye kuzimika kwa injini, ingawa nalo huua. Maji yaliyoingia kwenye petroli hutuama chini ya tangi kwa kuwa ni mazito, na yasipochujwa asubuhi huifikia injini wakati inapodai mafuta mengi zaidi. Bomba la tangi lililoachwa limefungwa huweza kuiacha injini iwake, ndege itembee hadi kwenye njia na hata kuruka kwa mafuta yaliyobaki kwenye mirija na kabureta, kisha kimya. Mafuta ya ndege za jeti yakitiwa kwenye injini ya petroli huleta msiba kama huo. Hata hapo, kinachoua mara nyingi si ule ukimya bali ni kujaribu kugeuka kurudi kiwanjani. Kugeuka huko hakuishii digrii 180, kwa sababu baada ya kugeuka ndege huwa kando ya njia na lazima igeuke zaidi ili kuilenga. Na ndege inapolala kwa digrii 45 huku ikitunza kimo, kasi yake ya kuingia kwenye stoli hupanda kwa asilimia 19, na kwa digrii 60 hupanda kwa asilimia 41. Rubani aliye chini sana hufundishwa kushusha pua mara moja na kutua mbele yake, hata kama mbele ni shamba. Ndege itakayogusa shamba ikiwa imenyooka na ikiongozwa ina nafasi nzuri zaidi ya kuwaacha watu hai kuliko itakayoanguka kwa ubavu.

Baada ya kuyasema hayo yote, ni lazima niseme kwamba kuna kipimo kimoja kinachoweza kuvunja mnyororo huu hata pale hesabu za mwanzo zilipokosewa, na nasikitika kila ninapoona hakikutumika. Rubani huchagua alama iliyo katikati ya njia, na akifika hapo bila kuwa na asilimia 70 ya kasi ya kurukia, hufunga nguvu ya injini na kushika breki. Namba hiyo haikubuniwa ovyo. Ndege inayoongeza kasi kwa kiwango kile kile hufikia takriban asilimia 71 ya kasi yake ya mwisho inapokuwa imetumia nusu ya umbali. Kwa hiyo isiyofikia 70 katikati ya njia haitapata kasi kamili kabla ya njia kwisha, hata rubani awe stadi namna gani. Ikiwa kasi ya kurukia ni kilomita 100 kwa saa, mshale unapaswa kuonyesha 70 kwenye alama ile. Uzuri wake ni kwamba kipimo hiki hakihitaji kujua ni nini kilichokosewa: iwe ni uzito, upepo wa nyuma, nyasi ndefu, breki inayokwaruza au silinda moja isiyofanya kazi vizuri, yote huonekana kwenye mshale mmoja. Ugumu wake uko kwa mtu, kwa sababu kusimamisha ndege mbele ya abiria waliolipa na wanaotazama kunahitaji moyo. Rubani aliyekwisha kuitaja alama yake kwa sauti kabla ya kuanza mbio huwa amefanya uamuzi huo akiwa bado ametulia.

Wachunguzi wa ajali uliyoiona hawataitegemea video peke yake. Jinsi panga za rafadha zilivyopinda na kukwaruzika huwaonyesha kama injini ilikuwa ikisukuma wakati wa kugonga. Nafasi ya flapu, yaani vibamba vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa ili kuongeza nguvu ya kuinua, na ya vibamba vya mkiani huonyesha ndege ilivyokuwa imepangwa. Mizigo iliyobaki hupimwa, na uzito wa kila aliyekuwamo hutafutwa. Kwa utaratibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, uchunguzi huo hulenga kuzuia ajali nyingine na si kugawa lawama. Taarifa ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho, inapowezekana, ndani ya miezi 12. Nakusihi uisubiri hiyo ya mwisho, maana ya awali hueleza kilichotokea bila kueleza kwa nini.

Kuhusu abiria, lipo la kufanya, na si dogo. Ukiulizwa uzito wako, taja uzito wa kweli ukiwa na nguo na viatu, pamoja na mkoba utakaopakata, kwa sababu abiria watano wakipunguza kilo nane kila mmoja kwa kuona haya, wamemficha rubani kilo 40, nawe umeona kilo kama hizo zilivyohesabika Cheyenne. Rubani akikuomba uache sanduku, au akisema tungoje joto lipungue, au abiria mmoja apande zamu ya pili, usimshinikize na usimkumbushe mkutano unaokungoja. Mwunge mkono mbele ya wengine, kwa maana shinikizo la abiria mmoja huvuta wenzake. Ukiona mizigo inapakiwa bila kupimwa na hakuna aliyekuuliza uzito, una haki ya kuuliza kama hesabu ya uzito na mizani ya ndege imefanyika, na jibu lisiporidhisha una haki ya kushuka. Ukishapangiwa kiti, kaa hapo hapo, na usihamie safu ya nyuma wala kurusha mkoba mzito nyuma ya kiti cha mwisho bila kumwambia rubani, kwa kuwa hesabu yake ya kitovu cha uzito ilikuweka pale alipokuketisha.